Kununua Kilemba kwa Mkopo

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mchana mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili wa Dallas na Fort Worth, katika jimbo la Texas. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa kazini siku ile, ambao najua ni wengi. Majedwali niliyoyaonyesha ukutani nimeyaacha. Hesabu zenye uzito nimezisema kwa maneno.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu: assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa mliobaki, habari za mchana. Nawashukuru kwa kuacha siku yenu ya mapumziko, na wengine wenu zamu ya malipo ya ziada, mkaja kumsikiliza mtu wa mahesabu.

Swali nililopewa ni fupi. Mtu anapata wapi fedha za kununua biashara ndogo ambayo tayari inakwenda, iwapo biashara hiyo haina kiwanja wala jengo? Duka la kufulia lililo katika fremu ya kupanga. Wakala wa kuwatunza wazee majumbani. Kampuni ya usafi wa ofisi yenye magari mawili, mashine chache na orodha ya wateja. Hizi ndizo biashara ambazo watu wetu wananipigia simu kuziulizia, kwa sababu tumezifanyia kazi miaka mingi tukiwa waajiriwa, na sasa wenye nazo wanazeeka na wanataka kupumzika.

Niruhusuni nianzie Kariakoo kabla ya kufika Dallas. Aliyewahi kuhamia fremu yenye biashara pale anajua kwamba kodi ya mwenye nyumba ni jambo moja, na kilemba ni jambo jingine. Kilemba unampa mpangaji anayetoka. Je, unamlipia nini? Humlipii kuta, maana kuta si zake. Rafu nazo fundi angekuchongea kwa bei ndogo zaidi. Unalipia mguu wa mteja uliozoea kuingia mlango ule. Ndugu zetu wa Nairobi huita gudwili, nao huilipa huku wakinung'unika kama sisi.

Sasa mfikirieni kijana mmoja wa Mbeya na mkewe, ambao wamenikubalia kuwasimulia bila majina. Waliuziwa kampuni ya usafi wa ofisi kwa dola 300,000. Magari, mashine za kusugulia sakafu na vifaa vingine vyote, kwa hesabu ya ukarimu, vilifika dola 40,000. Dola 260,000 zilizobaki zilikuwa nini? Zilikuwa kilemba, ndugu zangu. Kilemba kitupu.

Sisi tumelelewa katika nchi ambazo jambo la kwanza ambalo benki inakuuliza ni hati. Hati ya nyumba, hati ya kiwanja, hata hati ya shamba la marehemu babu ambalo wajomba bado wanalizozania. Ndiyo maana wengi wetu tunapoona biashara isiyo na jengo tunasema kimoyomoyo kwamba benki haitatazama upande wetu. Nimesikia watu wenye akili na kazi nzuri wakisema hivyo, kisha wakaenda kununua biashara ileile kwa kadi za mkopo. Niliwahi kufanya hivyo mimi mwenyewe, na nitawaeleza yaliyonipata.

Nchi hii inalo shirika la serikali kuu linaloshughulikia biashara ndogo, ambalo watu wote hulitaja kwa herufi zake, SBA. Liliundwa mwaka 1953. Mpango wake mkubwa wa mikopo huitwa 7(a), na naomba mwelewe vizuri unavyofanya kazi, kwa sababu mtaani unasimuliwa vibaya. Katika mpango huu serikali haikukopeshi hata senti. Benki inakukopesha fedha zake yenyewe, na SBA inaidhamini benki: katika mikopo ya kawaida ya mpango huu, asilimia 85 kwa mkopo usiozidi dola 150,000, na asilimia 75 kwa mkopo uliozidi hapo, hadi kikomo cha dola milioni 5. Nimesema inamdhamini nani? Inaidhamini benki. Mkopaji hadhaminiwi. Siku utakaposhindwa kulipa, benki itafidiwa sehemu yake, na wewe utaendelea kudaiwa. Kila mwenye hisa kuanzia asilimia 20 hutia saini ya kuwajibika yeye binafsi, na anayeambiwa kwamba huo ni mkopo wa serikali ambao husamehewa anadanganywa.

Hata hivyo, mpango huo una kanuni moja ambayo ingewafaa wazazi wetu: benki haipaswi kumkatalia mkopaji kwa sababu ya upungufu wa dhamana peke yake, iwapo mambo mengine yote yako sawa. Itachukua dhamana iliyopo. Itaandikisha haki yake juu ya magari, mashine na fedha ambazo biashara inawadai wateja. Ikiona havitoshi, itauliza kama una nyumba au kiwanja chako binafsi chenye thamani inayozidi deni lake. Hapa Texas katiba ya jimbo inailinda nyumba ya makazi dhidi ya wadai wa aina nyingi, lakini nyumba ya pili uliyoipangisha haimo katika kinga hiyo, na hata hiyo ya kwanza ni vyema mkaizungumzie na wakili kabla ya kuitegemea.

Basi kama jengo halipo, na magari ni ya dola 40,000, nani atalilipa deni? Hilo ndilo swali ambalo afisa wa benki analitafuna tangu unapoketi mbele yake. Nani atalipa? Jibu ni moja tu: biashara yenyewe, kwa fedha zinazobaki kila mwezi baada ya kulipa mishahara, pango, bima, sabuni na mafuta ya gari. Jengo lingeweza kusubiri mnunuzi mwingine. Kilemba hakisubiri, mteja akihama kimekwisha, wala hakuna dalali wa mnada atakayekirudisha.

Kutokana na hilo inakuja habari ya muda. Mkopo wa kununua biashara isiyo na ardhi wala jengo, katika mpango huu, huwa hauzidi miaka 10. Penye jengo unaweza kufika miaka 25. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mdomoni, lakini kwenye daftari ni kubwa. Tuchukue dola 270,000 kwa riba ya asilimia 10, kwa mfano tu, kwa kuwa riba nyingi za mikopo hii hupanda na kushuka pamoja na riba ya msingi ya mabenki. Kwa miaka 25 ungelipa takriban dola 2,450 kwa mwezi. Kwa miaka 10 unalipa takriban dola 3,570. Ni deni lilelile na riba ileile, lakini kila mwezi zinatoka dola 1,100 zaidi, na mwezi wa Desemba, ofisi zinapofungwa na wateja wako wanapoomba upunguziwe bili, nazo zinatoka vilevile. Faraja ni kwamba mkopo wa miaka 10 ukitaka kuumaliza mapema, kanuni za SBA hazikutozi adhabu. Adhabu hiyo imewekwa kwa mikopo ya miaka 15 na kuendelea.

Kijana wa Mbeya aliniletea hesabu za kampuni ile. Kabla ya mwenye mali kujilipa, ilikuwa inabakiza dola 95,000 kwa mwaka. Alifurahi sana. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, wewe utakula nini?" Akacheka. Nikamwambia sitanii. Tuliketi na mkewe tukaandika kodi ya nyumba, chakula, bima, ada ya mtoto na fedha wanazotuma kwa mama yake kila mwezi, tukafika dola 45,000. Zikabaki dola 50,000 za kulipia deni. Marejesho ya mwaka kwa mkopo wa dola 270,000, yaani bei ya 300,000 ukitoa 30,000 zao wenyewe, yalikuwa karibu dola 42,800. Gawanyeni: kwa kila dola 1 ya marejesho, biashara ilikuwa na dola 1 na senti 17 hivi. Benki hutaka angalau senti 15 za ziada, na nyingi hutaka senti 25. Walikuwa wananing'inia. Mteja mmoja mkubwa akiondoka, wangekuwa wanalipa deni kwa fedha za chakula. Nitawarudia baadaye, kwa sababu namna walivyotoka hapo ndiyo sehemu ninayotaka muibebe kwenda nayo nyumbani.

Lakini kwanza tujiulize: hizo dola 95,000 nani kasema zipo?

Muuzaji kasema. Na muuzaji, ndugu zangu, hata akiwa mcha Mungu, ni muuzaji. Benki itataka ritani za kodi za biashara, yaani taarifa za mapato inazopeleka serikalini, za miaka mitatu, na itaomba nakala kutoka kwa mamlaka ya kodi yenyewe ili ilinganishe. Wapo wauzaji watakaokunong'oneza kwamba ritani zinaonyesha kidogo kwa sababu mauzo mengine ni ya taslimu na hayaandikwi. Jibu lenu liwe moja: usichokiandika kwa serikali usiniuzie mimi. Mtu hawezi kuwa maskini mbele ya mkusanya kodi na tajiri mbele ya mnunuzi katika wiki moja.

Mama mmoja wa Kisumu, ambaye hapa amefanya kazi ya kupiga pasi hotelini kwa miaka kumi na moja, alitaka kununua duka la kufulia la mashine za sarafu. Muuzaji alidai kwamba mashine za kufulia peke yake zinaingiza dola 21,000 kwa mwezi. Sarafu hazina risiti. Utambishia kwa kitu gani? Mama yule alikwenda pale Jumanne alfajiri, kabla wateja hawajaingia, akamwomba muuzaji amfungulie kifuniko cha mita ya maji. Alikuwa na tochi ya simu na kipande cha boksi. Aliandika namba za mita, akatia sarafu katika mashine moja, akaketi kwenye kiti cha plastiki mpaka nguo zake mwenyewe zikaisha kuzunguka, akarudi kusoma mita tena. Galoni 30. Mashine zote zilikuwa za aina moja na umri mmoja. Bili ya maji ya mwezi ilionyesha galoni 90,000. Hiyo ni mizunguko 3,000, hata ukijifanya kwamba choo cha duka hakitumii maji. Kila mzunguko ulikuwa dola 4 na senti 50. Mara 3,000, mnapata dola 13,500. Zile 7,500 nyingine zilitoka wapi? Hazikutoka popote, zilikuwa za mdomoni. Aliweka kile kipande cha boksi mezani, na bei ikashuka siku ileile. Hakulinunua duka lile, lakini mwaka uliofuata alinunua jingine, na kipande cha boksi bado anacho.

Kila biashara ina mita yake. Kampuni ya usafi ina mikataba na rekodi za saa za wafanyakazi. Wakala wa wazee ana madai ya malipo aliyoyapeleka kwa bima na kwa serikali. Itafuteni mita hiyo, muisome kwa macho yenu.

Nije kwenye fedha zako mwenyewe. Kwa kanuni za sasa, anayenunua biashara nzima anatakiwa atie si chini ya asilimia 10 ya gharama yote ya mradi. Kwa biashara ya dola 300,000 ni dola 30,000, na gharama za kufunga mauzo zikiongezwa ni zaidi kidogo. Watu wetu wanaweza kuzipata. Tatizo letu mara nyingi ni kuzieleza.

Kuna dada mmoja aliyezipata kwa upatu. Wakenya mnasema chama, ndugu zetu wa Kongo wanasema likelemba, neno linalokaribia kilemba kwa sauti ingawa ni mambo mawili tofauti. Walikuwa kumi na wanane, wote waaminifu, na zamu yake ilipofika fedha zikamiminika katika akaunti yake kwa siku mbili, kutoka kwa wenzake kumi na saba. Afisa wa benki akaona akaunti iliyokuwa na dola 2,000 imefika 30,000 mwishoni mwa wiki. Mngekuwa ninyi mngeuliza? Mngeuliza. Dada akakasirika, akasema anashukiwa kwa sababu ya lafudhi yake.

Mimi nilimwambia jambo ambalo hakulipenda: afisa yule ana haki. Katika upatu, anayepokea wa kwanza amekopa, kwa kuwa bado anadaiwa michango ya wenzake wote. Anayepokea wa mwisho ameweka akiba. Bahasha ni moja, fedha ni zilezile, lakini ya kwanza ni deni na ya mwisho ni mtaji. Benki inataka kujua wewe ni wa ngapi. Fedha za kukopa zinaweza kukubalika kama una kipato kingine, nje ya biashara unayonunua, cha kuzirejesha. Za zawadi zinakubalika kwa barua ya mtoaji inayosema hazidai, pamoja na ushahidi kwamba alikuwa nazo. Yeye alikuwa wa kumi na sita. Tulikaa usiku mmoja tukaandika daftari lote la upatu ule, majina, tarehe na kiasi, tukaambatisha taarifa za benki za miezi kumi na mitano aliyokuwa akichanga. Ilikubalika. Ninyi mnaocheza, wekeni daftari, na fedha za ununuzi ziketi katika akaunti yako miezi kadhaa kabla hujagonga mlango wa benki.

Sasa turudi kwa wale wa Mbeya, na hapa nitakaa kidogo.

Waliniuliza, "Kaka, tufanyeje? Tumeshindwa?" Nikawaambia waende kwa muuzaji na ombi moja: akubali kuidai biashara sehemu ya bei yake. Benki itoe dola 240,000, wao watie 30,000 zao kamili, na muuzaji aache 30,000 kama deni, asilipwe chochote kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha aanze kulipwa kidogo kidogo nyuma ya benki. Marejesho ya benki yanashuka hadi dola 38,000 na kidogo kwa mwaka. Dola 50,000 zile zile sasa zinatoa dola 1 na senti 31 kwa kila dola ya marejesho. Wametoka kuning'inia, wamekanyaga chini, na bei haijapungua hata senti.

Kijana akaona haya. Kwetu, kumwomba mtu akuuzie halafu akukopeshe fedha za kumlipia inafanana na utapeli. Nikamwambia jambo ambalo nataka mlishike: muuzaji anayekubali kusubiri sehemu ya fedha zake amekupa ushahidi mkubwa zaidi juu ya biashara yake kuliko ritani zote. Yeye ndiye mtu pekee duniani anayejua kilemba kile ni cha kweli au ni cha maneno. Kama ni cha kweli, anaogopa nini?

Nimemshuhudia aliyeogopa. Wakala mmoja wa kutunza wazee, mauzo mazuri, ritani safi, na mwenye nao akasema anataka fedha zake zote siku ya saini, hata dola 5,000 hawezi kusubiri. Mnunuzi, muuguzi mwenzetu, alichukulia kwamba ni tabia tu ya mzee mkaidi. Mimi pia sikuona tatizo, nakiri. Miezi mitatu baada ya kukabidhiwa, mkataba uliokuwa ukileta karibu nusu ya wateja ulifika mwisho na haukurudi. Mzee alikuwa na taarifa hiyo mezani kwake tangu kabla ya kutangaza kuuza. Aliyeisoma ishara ile ni mke wa mnunuzi, ambaye hakuwahi kusoma uhasibu: "Mtu anayekimbia hivi anakimbia nini?" Tulimcheka.

Muuzaji wa kampuni ya usafi alikuwa mama wa Kimarekani mwenye umri wa kama miaka 67. Alisikiliza ombi, akanyamaza, akauliza, "Nikikubali, mtanipa nafasi ya kuja kuwaangalia?" Akakubali. Kanuni zinamruhusu muuzaji abaki kusaidia kwa muda usiozidi miezi 12, na alibaki. Siku ya kukabidhiana hakuwapa funguo kwanza. Aliwapa daftari la kava jekundu, kona zake zimelegea kwa maji ya sabuni. Kila ofisi ilikuwa na ukurasa wake. Hii hawapendi dawa yenye harufu, mhasibu ana pumu. Hii mlango wa nyuma husukumwa kwa bega la kushoto huku ukiinua komeo. Hii pigeni hodi kwa mlinzi wa usiku, msipitilize, ndiye anayepeleka habari kwa bosi. Nililishika daftari lile mkononi. Kama mtu atawauliza dola 260,000 zinafananaje, zinafanana na hilo.

Mwezi wa nne, kliniki iliyokuwa mteja wao mkubwa iliandika kwamba inaangalia kampuni nyingine. Yule mama alivaa koti lake, akaingia katika gari la kijana, wakaenda pamoja kuketi na meneja. Kliniki ikabaki. Je, angekwenda kama fedha zake zote zingekuwa zimeshaingia benki? Labda, ni mtu mwema. Lakini dola 30,000 zake zilikuwa bado zimo ndani ya ndoo zile, na mtu mwema mwenye dola 30,000 ndani huvaa koti haraka zaidi.

Tahadhari moja kwa wanaotaka deni la muuzaji lihesabiwe ndani ya asilimia 10 yao badala ya kuitoa yote mfukoni: kwa kanuni zilizoanza kutumika Juni 2025, deni hilo lazima likae bila kulipwa kwa muda wote wa mkopo wa benki, na lisizidi nusu ya asilimia hizo 10. Wauzaji wachache watasubiri miaka kumi. Ndiyo maana niliwashauri hawa watie zao kamili, na la muuzaji likae pembeni kwa masharti mepesi.

Wapo kati yetu wasiogusa riba kwa imani zao. Kwenu deni la muuzaji linaweza kuwa mlango mpana kuliko benki, kwa bei moja inayolipwa kwa awamu, au kwa ushirika ambapo unanunua hisa zake kidogo kidogo. Mkifanya hivyo mwoneni mhasibu, kwa kuwa sheria ya kodi ya Marekani inaweza kuihesabu sehemu ya awamu hizo kuwa riba hata kama mkataba hauitaji.

Niliwaahidi habari yangu. Mwaka 2009 nilinunua kiduka cha kutuma vifurushi na kuuza kadi za kupiga simu nyumbani, kwa dola 18,000. Elfu sita zilikuwa zangu, zilizobaki zilitoka katika kadi tatu za mkopo. Niliangalia mauzo, nikahesabu bidhaa, nikapeana mkono na muuzaji. Mkataba wa pango sikuomba kuuona. Ulikuwa umebakiza miezi saba. Asubuhi moja nilikuta barua imebandikwa kwa gundi ya karatasi upande wa ndani wa kioo cha mlango, na hilo la upande wa ndani ndilo lililonishtua zaidi: mwenye jengo alikuwa na ufunguo na alikuwa ameshaamua. Fremu ilipewa mtu wa meno. Kilemba nilicholipia kilikuwa mguu wa mteja uliozoea mlango ule, na mlango umekuwa wa daktari. Kadi zile nilizilipa kwa miaka minne, kwa riba ambayo sitaitaja mbele ya watoto.

Kwa hiyo biashara isiyo na jengo inamtegemea mwenye jengo kuliko nyingine yoyote, na benki inalijua hilo. Kwa kawaida itataka muda wa pango, pamoja na haki ya kuuongeza, ufike miaka 10 sawa na mkopo. Mwende kwa mwenye jengo kabla hamjatoa hata dola moja ya rubuni, mpate ridhaa yake kwa maandishi. Hapa Texas dai na jingine kwa maandishi: cheti cha mdhibiti wa fedha wa jimbo kwamba muuzaji hadaiwi kodi. Asipokileta, unapaswa kuzuia sehemu ya bei ya kutosha kodi hiyo, la sivyo anaweza kukuachia wewe deni lake la kodi ya mauzo. Muuzaji pia aahidi kwa mkataba kwamba hatafungua biashara ya aina hiyo jirani kwa miaka kadhaa. Na wale ambao hamjawa raia, tangu 2025 masharti ya mpango huu juu ya hadhi ya wamiliki yamekazwa mno, na mshirika mmoja tu asiyestahili anaweza kuliangusha ombi zima. Ulizeni hilo siku ya kwanza benki, kabla ya kulipa wakili na mthamini.

Wale wa Mbeya wako mwaka wa tatu. Awamu za yule mama zilianza Januari, na hundi ya kwanza waliipeleka kwake kwa mkono, ingawa mkataba unasema itumwe kwa benki. Aliwauliza kama mlango wa nyuma umetengenezwa. Bado unasukumwa kwa bega.

Nakaribisha maswali. Mwenye ritani za muuzaji mkononi aje nazo mezani tuzisome pamoja, na kama yupo aliyekuja na bili za maji, huyo atangulie.